Uso wa mfarishi wa viraka umekushinda? Tafuta kasoro kabla hujafumua

Mfarishi wa viraka una matabaka matatu: uso wa juu ulioungwa vipande vipande, pamba au blanketi jembamba katikati, na bitana chini. Mwongozo huu ni wa waliofika tabaka la kwanza wakakwama. Vipande vya vitenge na kanga umeshaviunga, ukautandika kitandani uone unavyokaa, moyo ukakataa. Tangu siku hiyo umekunjwa kwenye mfuko juu ya kabati, na kila ukiuona unageuza uso.

Wengi wakifika hapo hushika wembe na kuanza kufumua. Hiyo ndiyo njia ndefu kuliko zote. Kitambaa kilichofumuliwa hakirudi kilivyokuwa: kingo hutoka nyuzi, matundu ya sindano hubaki, na kila kipande hupungua upana. Uso unaochukiwa kwa kawaida una kasoro moja, zikizidi mbili, na ukishaijua kasoro yenyewe ni ipi, dawa yake huwa ndogo kuliko ulivyodhani. Kwa hiyo kwanza tunatambua ugonjwa. Mkasi baadaye.

Vipimo vyote vya kitambaa hapa ni vya inchi, kwa sababu ndivyo ilivyo futi ya fundi.

Uchunguzi wa kwanza, kwa kila tatizo

Utundike uso kwenye kamba kwa vibanio, au uubane ukutani kwa pini. Kitandani unautazama kwa mshazari na nusu yake huioni. Fungua madirisha uutazame kwa mwanga wa mchana, maana taa ya manjano huifanya bluu ionekane nyeusi na urujuani ionekane kahawia. Rudi nyuma mpaka mlangoni. Finya macho. Angalia jicho lako linatua wapi kwanza, na linakataa kutua wapi.

Kisha piga picha kwa simu, na uigeuze kuwa nyeusi na nyeupe. Picha hiyo utaihitaji karibu kila sehemu inayofuata. Mwisho ugeuze uso nyuma mbele utazame mishono: imefunguka wapi, imebana wapi, ipi ina nafasi nyembamba, yaani kitambaa kilichoachwa kati ya uzi na ukingo. Kama mishono ni mibovu, anza na sehemu ya mishono hapo chini hata kama kinachokukera ni rangi. Haina maana kupanga rangi upya kwenye kitu kinachoachia.

"Macho hayatulii, kila kitu kinapiga kelele"

Hili ndilo lalamiko kubwa la wanaounga vitenge, na chanzo chake ni kitenge chenyewe. Kile kitambaa kimechorwa kionekane kikiwa kizima mwilini mwa mtu: duara kubwa kama sahani, ndege mwenye mabawa wazi, feni, ua linalojaa kiganja. Ukikata mraba wa inchi 4 unabaki na nusu ya bawa na robo ya duara. Ukiweka vipande hivyo ubavu kwa ubavu, kila kimoja kinatafuta nusu yake iliyopotea, na jicho linazunguka bila pa kukaa.

Sababu inayotokea zaidi ni kukosa mahali pa kupumzikia, yaani hakuna kitambaa kitupu hata kimoja. Kipimo chake ni rahisi. Kata karatasi nyeupe za ukubwa wa miraba yako, zibane juu ya mraba mmoja katika kila mitatu, rudi mlangoni. Uso ukitulia ghafla, umepata jibu. Ukiona karatasi nyeupe zinakata mno, jaribu na za kaki au za gazeti kabla ya kukata tamaa; huenda unahitaji kitulizo cha rangi ya udongo badala ya cheupe.

Dawa ni kuingiza mikanda ya kitambaa kitupu kati ya miraba. Kitambaa cha marekani kinafaa sana kwa sababu weupe wake hauchomi macho. Poplini ya rangi moja inafaa pia. Kaniki inafaa kuliko vyote pale vitenge vilipo vya njano na chungwa, ila isome kwanza sehemu ya rangi kuchuja hapo chini kabla hujaishona. Kata mikanda ya inchi 2, ikishashonwa pande zote itaonekana inchi 1½.

Na hapa ndipo ninapopingana na wanaofumua. Huna haja ya kuachanisha miraba mshono kwa mshono. Weka rula juu ya mshono, ukate kwa kisu cha gurudumu au mkasi mkali moja kwa moja kwenye mstari wa uzi, kisha uondoe mabaki ya uzi. Mraba uliokuwa unaonekana inchi 6 utakuwa na inchi 5½ ukishashonwa tena, kwa sababu robo inchi ya kila upande inageuka kuwa nafasi mpya ya mshono. Inchi hiyo nusu mikanda itairudisha na kuzidi. Saa moja ya kukata inachukua nafasi ya siku nzima ya kufumua, na kingo zinatoka safi.

Ikiwa karatasi hazikusaidia, angalia ukubwa wa michoro. Inawezekana kitambaa kitupu kipo, lakini michoro yote iliyobaki ina ukubwa mmoja. Badilisha miraba michache kwa vitambaa vya vidoti, mistari myembamba au maua madogo. Vitambaa vya mashati ya mtumba vina hazina kubwa hapa.

Sababu ya mwisho, na ni adimu kuliko watu wanavyofikiri, ni rangi nyingi mno. Karibu kila anayelalamika hudhani tatizo ni rangi. Rangi nyingi zinakaa pamoja bila ugomvi kama moja wapo inarudiarudia kila pembe. Chagua iliyo nyingi tayari, uitumie kwenye pindo la nje, uone.

"Umepooza, hauna uhai"

Tazama ile picha nyeusi na nyeupe. Ikiwa yote ni kijivu cha aina moja, kasoro umeipata: giza na mwanga havikutofautiana. Nyekundu ya damu na kijani cha jani la mgomba ni rangi mbali kabisa, lakini kwenye picha ile zinaweza kuwa kijivu kilekile, na kutoka mlangoni zinayeyukiana. Sababu hii inazipita nyingine zote kwa mbali.

Tiba ni kuongeza yaliyo mbali zaidi pande zote mbili: kitu cha giza kabisa na kitu cheupe au cha rangi iliyopauka. Huhitaji vingi. Anza na mraba mmoja katika kila sita, na usivipange kwa mstari ulionyooka isipokuwa mstari ndio unaoutaka. Vijaribu kwa kuvibana kwa pini juu ya miraba iliyopo, piga picha tena, linganisha.

Sababu ya pili ni uchakavu usiolingana: kipande cha kanga kilichofuliwa miaka kimewekwa karibu na kitenge ambacho bado kina dondo. Kipya kinakifanya cha zamani kionekane kichafu. Hapo viwili havipatani, na mara nyingi ni bora kuondoa vichache vipya kuliko kuondoa vingi vya zamani.

Sababu ya tatu watu huicheka wakiigundua. Kitenge cha wax kina rangi karibu sawa pande zote mbili, lakini kile cha bei nafuu kimechapwa upande mmoja na mgongo wake umepauka. Ukiunga usiku, baadhi ya vipande huingia kinyume. Geuza uso uangalie nyuma: ukiona mraba unaong'aa zaidi upande wa nyuma, ndio huo.

Wengine hushauri kuchovya uso mzima kwenye chai ya rangi ili vyote vishike hudhurungi moja. Inafanya kazi kwenye pamba, lakini uzi wa poliesta hautashika, kwa hiyo mishono inaweza kubaki myeupe ikijitokeza kila mahali. Jaribu kwenye kipande kilichoungwa kwanza. Mimi binafsi siipendi. Inapoza kilichokwisha kupoa.

"Kuna kipande kimoja tu kinanikera"

Kifunike kwa kitambaa kingine, ondoka chumbani, rudi. Ukiona uso umekuwa sawa, una bahati, kwa sababu hii ndiyo kasoro nyepesi kuliko zote.

Kwa kawaida ni kipande chenye mwanga mkali kuliko wenzake, njano ya ndimu au nyeupe pee, kilichoangukia pembeni ambako hakuna mwenzake. Au vitambaa viwili vinavyofanana vimekutana na kuonekana kama doa moja kubwa. Au mchoro wenye juu na chini, kama ndege au chungu, umesimama kichwa chini huku wenzake wako wima.

Kwenye kanga kuna kasoro ya peke yake: jina. Maandishi ya chini ya kanga yakikatwa bila kuangaliwa, yanabaki maneno ambayo hayakukusudiwa. Chukua "Hasidi hana sababu". Ikatwe inchi 5 kutoka kushoto, ishonwe katikati ya mfarishi wa zawadi ya harusi, bwana na bibi harusi walale miaka yote chini ya neno "HASIDI". Kila anayejua kusoma ataliona kabla ya kuona kazi yako. Pitia kila kipande chenye herufi ukisome kwa sauti.

Kubadilisha mraba mmoja ulio katikati hakuhitaji kufumua mishono minne. Kata kipande kipya kilichozidi mraba unaoonekana kwa inchi ½ urefu na upana. Kunja kingo zote robo inchi kwa ndani, piga pasi, kiweke juu ya mraba mbaya kikifuata mishono yake sawasawa, ukibane, ushone kwa mkono kwa mshono wa kuficha kuzunguka ukingo. Halafu geuza nyuma, ukate mraba wa zamani kwa uangalifu ukibakiza robo inchi kutoka kwenye mshono. Hatua hiyo ya mwisho usiiruke. Usipoukata, tabaka linakuwa nene na sindano inagoma wakati wa kutia pamba, na kama cha chini kina giza kuliko cha juu kitaonekana kwa kivuli.

"Haulali sawa"

Tandaza sakafuni. Usiuvute, uache ukae unavyotaka. Kama kingo zinacheza mawimbi huku katikati kumetulia, pindo ndilo lenye hatia. Kama katikati kumefura huku kingo zimebana, sababu ni nyingine. Zijaribu kwa mpangilio huu:

1. Pindo lilishonwa bila kupimwa. Ulishona ukanda mrefu mpaka mwisho wa uso ukakata uliobaki. Ukanda huo huwa mrefu kuliko ulivyotakiwa, maana cherehani husukuma tabaka la chini na la juu kwa kasi tofauti. Toa pindo (hapa kufumua kunastahili). Pima upana wa uso sehemu tatu: juu, katikati, chini. Jumlisha, gawa kwa 3, ukate mapindo yote mawili yanayotazamana kwa urefu huo mmoja. Bana kwanza ncha mbili na katikati, kisha ugawe ziada iliyobaki. Upande uliozidi uuweke chini, kwenye meno ya cherehani, ili yenyewe yaumeze.

2. Pasi iliburutwa. Kuunga viraka kunataka pasi inyanyuliwe na kushushwa. Ukiiburuta, hasa yenye mvuke, unavuta kitambaa. Nyunyizia maji kidogo, uvute kwa mikono mpaka pembe zirudi mraba, acha ukauke sakafuni bila kuguswa, kisha pima tena.

3. Nafasi ya mshono haikuwa moja. Mafundi wetu wamezoea kuacha nusu inchi au zaidi kwenye nguo ili iweze kuongezwa. Viraka vinataka robo inchi kila mahali. Ukichanganya, mraba mmoja unatoka inchi 6 na jirani yake 5½. Pima miraba kumi ya sehemu mbalimbali kwa futi. Ukiona tofauti inayozidi robo inchi, tenganisha mistari iliyokosea tu, ukate miraba yote ya mistari hiyo kwa kipimo cha ile midogo.

4. Vipande vilikatwa kwa mshazari. Kitambaa hakivutiki sana kwa urefu wake wala kwa upana wake, bali kwa kona. Pembetatu ambazo ukingo wake wa mshazari umekaa nje ya uso zitacheza mawimbi siku zote. Piga mshono mrefu wa kuzuia kwenye ukingo wote, inchi ⅛ kutoka nje, kabla ya kufanya lolote jingine.

5. Pamba na poliesta zimechanganywa. Toa uzi mmoja kutoka ukingo wa kipande unachokishuku, uuchome juu ya sinki ukiushika kwa kibanio. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu yanayosagika. Poliesta huyeyuka na kuacha kishanga kigumu. Kipande kilichoyeyuka kitoe kama kinavuta majirani zake. Uzi mmoja tu, si pindo zima, na watoto wasiwe karibu.

Kama katikati kumefura kidogo, weka kiganja na kukandamiza. Kikitulia chini ya mkono bila kukunjika, usifanye kitu. Pamba na mishono ya kutia pamba vitaimaliza ziada hiyo. Kikifanya mkunjo, lazima uushone nje sasa, kwa sababu mkunjo hauondoki baadaye, unaongezeka.

"Pembe hazikutani"

Sababu ni pasi: nafasi za mshono zimelazwa upande mmoja kwenye mistari yote. Mstari wa kwanza zilaze kulia, wa pili kushoto, nazo zitafungana zenyewe mshono unapopita. Kwa uso uliokwisha kuungwa, rekebisha pembe zilizokosana kwa zaidi ya robo inchi na zilizo katikati. Zilizobaki ziache.

Nasema hivyo kwa dhati. Wanawake wa Gee's Bend, Alabama, huko Marekani, wameshona kwa vizazi mifarishi ya nguo za kazi zilizochakaa, mistari ikipinda, mraba ukiegemea mraba, na mwaka 2002 kazi zao zilitundikwa kwenye jumba la makumbusho la sanaa la Houston, kisha Whitney, New York. Hakuna aliyesimama pale na rula. Lakini mpindo wao unarudiwa kote mpaka unakuwa mtindo. Wako ukipinda mahali pamoja tu utaonekana kosa. Aidha nyosha hapo, au pindisha na kwingine.

"Mishono inaachia"

Vuta mshono kwa mikono miwili taratibu. Uzi ukionekana kama ngazi katikati ya vitambaa viwili, mkazo wa uzi ni mdogo au mishono ni mirefu. Rudia kupita juu ya mshono uleule kwa urefu wa milimita 2 hadi 2.5, na sindano ya 80/12 kwa kanga nyepesi au 90/14 kwa kitenge kizito. Uzi ukikatika kirahisi, ni wa zamani. Chukua mwingine kutoka kidonge hichohicho, uukate kwa vidole: ukikatika bila kukuumiza, kitupe chote, na mishono yote iliyotokana nacho ipitiwe upya.

Nafasi ya mshono ikiwa chini ya inchi ⅛, hilo ni tatizo la vipande vya mabaki kutoka kwa fundi, ambavyo huwa vyembamba na vyenye kingo zilizochanika. Usipite juu tu. Tenganisha, punguza, ushone upya kwa robo inchi kamili.

Kama kilichoachia ni kitambaa chenyewe na mshono ni mzima, acha. Kanga iliyochoka inayopasuka kandokando ya uzi haitapona kwa mshono mwingine. Kila tundu la sindano linaongeza mpasuko. Bandika nyuma yake kitambaa chembamba cha pamba ukishone pamoja, au itoe.

"Rangi inachuja"

Kabla ya kuosha, kabla ya kutia pamba, kabla ya yote: lowesha kitambaa cheupe, kiweke juu ya kipande unachokishuku, kandamiza kwa pasi ya moto kwa muda. Kaniki, nyekundu nzito na nyeusi ndizo za kushukiwa kwanza. Kitambaa cheupe kikipata rangi, umeonywa mapema.

Chumvi na siki, dawa ya bibi zetu wote, haviwezi kuishika rangi ya kitambaa cha kiwandani. Kinachosaidia ni maji mengi. Kama kipande bado hakijashonwa, kifue peke yake mpaka maji yatoke safi. Kama kimeshaungwa na rangi imeshaingia kwa jirani yake, usiuache uso ukauke na usiupige pasi, kwa sababu joto la pasi na ukavu ndivyo vinavyolifunga doa. Piga kwanza ule mshono wa kuzuia kuzunguka ukingo, vinginevyo uso usio na pamba utatoka nyuzi na kujisokota. Kisha uzamishe kwenye beseni kubwa la maji ya moto kiasi cha mkono kuvumilia, pamoja na sabuni ya unga, uutandaze ndani, usiukunje. Maji yakipata rangi, mwaga, weka mengine. Rudia mpaka yawe meupe.

Onyo: usimwagie jiki, na hasa usiichanganye jiki na siki kwenye beseni moja. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu. Jiki pia hula pamba, na kanga ya zamani inaweza kutoka na matundu.

"Mdogo kuliko kitanda"

Hesabu, si chuki. Kitanda cha 5 kwa 6 ni inchi 60 kwa 72. Ukitaka mfarishi ushuke inchi 12 kila ubavu na miguuni, unahitaji inchi 84 kwa 84. Ongeza inchi 3 kila upande unaopimwa, kwa sababu kutia pamba kunaukokota uso kwa ndani. Upungufu ukiwa chini ya inchi 10, pindo linatosha. Ukizidi hapo, pindo pana litaufanya uso uonekane kama picha ndogo kwenye fremu kubwa. Afadhali mikanda kati ya miraba, ambayo inakuza uso wote kwa pamoja. Na kama ni wa mtoto, au wa kitanda cha 3½ kwa 6, pengine ukubwa ulionao unamtosha mtu mwingine nyumbani.

"Hauna kasoro, ila siupendi"

Umepima kila kitu na umetoka salama. Hii hutokea. Uliuanza ukiwa na chumba kingine, au rangi ulizozipenda zimekuchosha, au uliungiwa na mtu aliyekuachia kiporo. Hapo chaguo ni tatu, na nimezipanga kwa kiasi cha kazi.

Ya kwanza: ukate msalaba. Kata uso katikati kwa urefu na upana upate robo nne, zungusha kila robo mpaka pembe iliyokuwa nje iwe katikati, uunge tena. Unapoteza inchi ½ tu kila upande, na mara nyingi uso unakuwa mwingine kabisa. Jaribu kwanza kwa picha: ichapishe kwenye karatasi, uikate vivyo hivyo kwa mkasi, uzungushe mezani. Isipopendeza kwenye karatasi, haitapendeza kwenye kitambaa.

Ya pili: usiwe mfarishi. Uso wa kutosha kitanda unatoa foronya, pazia la jikoni na mkoba, na kila kimoja kinachukua sehemu nzuri tu.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda. Wasidi wa Karnataka, India, ambao wengi ni wazao wa watu waliotokea Afrika Mashariki, hushona mifarishi iitwayo kawandi, na hawaungi uso kabisa. Wanatandaza sari kuukuu, wanaanza pembezoni, wanakunja ukingo wa kipande kimoja na kukishona kwa mkono kwa mishono mifupi inayopenya matabaka yote, kisha kingine juu ya kile, wakizunguka kuelekea katikati mpaka pajae. Pembeni wanamalizia kwa vipembe vidogo vya kitambaa kilichokunjwa, phula. Sasa chukua bitana yako, tandaza juu yake ule uso usioupenda kama ndio pamba, kisha uanze kushona vipande vipya juu kwa mtindo huo. Uso wa zamani unakuwa joto la ndani. Hakuna kufumua hata uzi mmoja. Ni kazi ya miezi, ila ni ya mkono na unaweza kuifanya ukiwa unapiga gumzo.

Acha hapo, umpelekee fundi

Cherehani inayoruka mishono hata baada ya kubadilisha sindano, kusafisha pamba chini ya meno na kutia uzi upya, isikulazimishe kufungua bodi ya mota. Ni umeme huo. Pasi yenye waya uliobabuka usiichomeke tena.

Kanga au kitambaa cha marehemu kilichomo ndani ya uso kisiguswe na wembe kama kinachanika kwa kukunjwa tu. Mpelekee fundi anayejua kutia viraka kwa mkono, umwonyeshe kabla ya kukifua. Koga jeusi lililoenea lisipigwe pasi wala kukung'utwa ndani. Uanike uso huo juani nje, na mwenye pumu asiushike.

Ukimpa fundi wa nguo akutengenezee mishono, mwambie waziwazi nafasi ni robo inchi na asiongeze, mshono urudiwe mwanzo na mwisho, na asipunguze kingo kwa mkasi bila kukuuliza. Mpe mraba mmoja uliokwisha sahihi awe nao mezani apimie.